Nilimponza dada yangu kwa faida ya haraka

HARAKA haraka haina baraka. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini siku iliponihusu mimi mwenyewe sikuikumbuka.

Ilikuwa mwaka 2021. Kila jioni nilikuwa nikienda kufundisha masomo ya ziada kwa watoto wa familia moja katika fleti za Bugolobi, hapa Kampala. Njiani nilipita ofisi moja iliyofunguliwa ghorofani, yenye zulia jipya, viti vya ngozi na chai ya bure kwa kila mgeni. Walisema wananunua na kuuza fedha za kigeni. Ukiwapa shilingi milioni moja, kila mwezi watakulipa laki tatu, na mtaji wako utabaki pale pale.

Niliweka milioni moja. Mwezi wa kwanza nikalipwa laki tatu. Mwezi wa pili nikalipwa tena. Nikaongeza milioni mbili, kisha nikampigia simu dada yangu mkubwa anayeuza nguo na viatu mpakani Busia.

"Mwalimu, wewe umesoma," aliniambia. "Ukisema ni salama, mimi nitaleta."

Akaleta milioni sita, mtaji wake wote wa msimu wa Krismasi. Wiki ya saba nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na mlinzi peke yake kibarazani. Simu zao hazikupatikana tena.

Milioni tatu zangu zinaniuma, lakini milioni sita za dada zinaniuma zaidi. Hakuibiwa na mgeni. Aliletwa na ndugu yake aliyemwamini kwa sababu ameshika chaki.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliingia. Wazazi wetu walikimbilia Kenya mwaka 1981 nikiwa mtoto mchanga, na shule yangu yote niliisoma huko. Tuliporudi, wenzetu walikuwa na mashamba, nyumba na majina. Sisi tulikuwa na vyeti na masanduku. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa amechelewa huona kila njia ndefu ni ya kupoteza wakati. Wafanyabiashara wa mpakani nao wana jaribu lao: fedha taslimu hulala mkononi kati ya safari moja na nyingine, na mtu akikuahidi kuzizalisha wakati unasubiri mzigo, unasikiliza.

Wanaotega mitego hii wanatujua vizuri, na hawaogopi mipaka. Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba watu 148,784 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya katika michezo ya upatu wa piramidi. Mwaka huo huo Tanzania ilipiga marufuku DECI, ambayo iliwaambia watu "wapande mbegu" ili wavune maradufu. Hapa kwetu, COWE ilianguka mwaka 2007 ikiwa imebeba jina la kuwasaidia yatima, wajane na wazee. Desemba 2019, Dunamiscoins, iliyojiita kampuni ya sarafu za kidijitali, ilifunga ofisi zake na kuwaacha watu wa Masaka na Kampala wakilia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya BLQ Football, iliyojificha nyuma ya kubashiri soka mtandaoni.

Majina hubadilika, mchezo ni ule ule. Mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Hakuwa na biashara ya kuzalisha faida hiyo. Aliwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata. Laki tatu nilizopewa mwezi wa kwanza zilitoka kwenye mfuko wa mtu mwingine, na milioni sita za dada yangu bila shaka zilimlipa mtu fulani aliyeshangilia kama nilivyoshangilia mimi.

Hebu tuchukue chaki. Mtu mmoja akileta wawili, na kila mmoja akaleta wawili wengine, hatua ya 20 inahitaji watu 1,048,576. Hatua ya 26 inahitaji zaidi ya milioni 67. Sensa ya mwaka 2024 iliihesabia Uganda watu wapatao milioni 46. Kwa hiyo mchezo lazima uishiwe na watu, na wengi ndio walioingia mwisho.

Hesabu ya pili ni ya faida yenyewe. Asilimia 30 kwa mwezi, ukiiacha izaane, huifanya milioni moja kuwa zaidi ya milioni 23 kwa mwaka. Hati fungani za serikali, kwa miaka ya karibuni, zimelipa chini ya asilimia 20 kwa mwaka mzima. Mwenye siri ya kupata asilimia 30 kwa mwezi angekopa benki akatajirika peke yake. Angekuwa na haja gani na akiba ya mwalimu?

Jambo moja lilinidanganya zaidi ya yote: cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani. Ndugu msomaji, cheti cha kuandikisha kampuni si leseni ya kupokea akiba za watu. Benki hupewa leseni na Benki Kuu ya Uganda. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Vyama vya akiba na mikopo vina sheria yao ya mwaka 2016. Uliza leseni, kisha nenda ukaithibitishe kwa aliyeitoa, si kwa aliyeitundika. Benki iliyo na leseni ikifilisika, Mfuko wa Kulinda Amana humfidia mteja hadi shilingi milioni 10. Ofisi yenye zulia na chai ikifungwa, hakuna mfuko wa kukufidia.

Dada yangu alianza upya kwa kuuza soksi na vitambaa vya kichwa. Kila mwisho wa mwezi namtumia kidogo kwa simu, na bado deni halijaisha. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ila siku hizi akitaka kuamua jambo la fedha, hanipigii tena simu.