Filimu isiyotembea

Siku nkambo wangu aliposimulia hadithi kwa Kisanga, nilimpiga picha 36 kwa Pentax K1000 ya baba mdogo. Filimu ilirudi tupu. Ncha yake haikushika kwenye rili ya upande wa kuume, lakini kihesabu kiliendelea kuhesabu, maana kinafuata mkono wa kuvutia, si filimu.

Wenzangu mnaokwenda kukusanya lugha, mkiisha kufunga mgongo wa kamera, kazeni filimu taratibu kwa kishikizo cha kuirudishia, upande wa kushoto, kisha vuteni mkono. Kishikizo kikizunguka, filimu inatembea. Kisipozunguka, fungueni, mpachike upya.

Nkambo amefariki. Sauti yake ninayo, uso wake sina.