Pesa za waendesha baiskeli: zinatoka wapi, na sisi tuulize nini?



Tunapoeleza katika mikutano kwamba pesa za mradi fulani zilichangwa na watu waliosafiri mbali kwa baiskeli, swali linakuja haraka: mtu mwenye uwezo wa kununua baiskeli ya bei kali, kwa nini asitoe pesa hizo moja kwa moja, aache kujitesa barabarani? Swali hilo ni la haki. Kwetu, anayesukuma baiskeli au chukudu mwendo mrefu anabeba makaa, viazi au ndizi, na jasho lake ni chakula cha watoto. Tueleze basi jinsi jambo hili linavyofanyika, ili viongozi wajue pia cha kuuliza.

Jinsi pesa zinavyopatikana

Mwendeshaji anachagua safari ngumu na kutangaza tarehe yake. Halafu anawaendea jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na watu wa kanisa lake, anawaomba wachangie shirika alilochagua. Kule Uingereza, wengi hufuata njia ya kutoka Land's End, upande wa kusini-magharibi, mpaka John o' Groats, kaskazini mwa Scotland. Ni karibu kilomita 1,400, na wengi huzimaliza kwa siku 10 hadi 14, baada ya mazoezi ya miezi mingi.

Taabu hiyo ndiyo inayowagusa watu, maana inaonyesha kwamba anayeomba amejitoa yeye kwanza. Hata katika likelemba, asiyetoa wake hawezi kuwahimiza wenzake watoe. Kila mtu anatoa kidogo. Watu mia wakitoa kidogo, unakuwa mradi. Tena, mchangiaji anayelipa kodi Uingereza akikubali, serikali inaliongezea shirika pensi 25 juu ya kila pauni 1.

Mfano wa Marekani

Mwaka 1980, Billy Starr, ambaye mama yake alikufa kwa saratani, alianzisha safari ya baiskeli kutoka Springfield mpaka Provincetown, katika jimbo la Massachusetts. Waendeshaji walikuwa 36, wakapata dola 10,200 kwa ajili ya Dana-Farber, taasisi ya matibabu na utafiti wa saratani mjini Boston. Safari hiyo, iitwayo Pan-Mass Challenge, iliendelea kila mwaka, na kufikia 2024 jumla ya michango ilikuwa imepita dola bilioni 1.

Pesa hizo ni za wagonjwa wa saratani, si za Kongo. Lakini kanuni zake mbili zinatufundisha. Kwanza, kila mwendeshaji anaahidi kiasi fulani; kisipotimia, analipa mwenyewe. Pili, gharama za chakula, maji na ulinzi wa njiani hulipwa na ada za kujiandikisha na makampuni yanayosaidia. Kwa hiyo, tangu 2007, kila dola iliyochangwa kupitia mwendeshaji inafika Dana-Farber nzima.

Si safari zote zilivyo hivyo. Katika baadhi ya safari, hasa za nchi za mbali, sehemu ya michango inalipa ndege na malazi ya mwendeshaji.

Maswali ya kuuliza

1. Wachangiaji waliahidiwa nini? Pesa iliyoombwa kwa ajili ya kisima haiwezi kugeuzwa mahema, hata kama mvua inawanyeshea watu. Jambo hili likielezwa mapema, hakuna atakayemdhania rais wa kambi kwamba ameila.

2. Kilikusanywa kiasi gani, na kiasi gani kilitumika kabla ya kutufikia?

3. Wenyeji waliotupokea wamo? Kisima cha wakimbizi peke yao, mahali ambapo mwenyeji naye anachota maji ya mtoni, kinaleta ugomvi.

4. Picha zetu zitatumika wapi? Mwendeshaji anayeomba michango huonyesha mara nyingi picha za wanaosaidiwa. Una haki ya kuuliza kabla ya kupigwa picha, na haki ya kukataa. Anayekataa asinyimwe msaada kwa sababu hiyo.

Kwa viongozi

Maswali haya si utovu wa shukrani. Mchangiaji alitoa kwa kuamini kwamba pesa yake itafanya kazi aliyoambiwa. Nasi tunaopokea tuna haki ya kujua ni kazi gani. Mashirika yanayosaidia watu yana deni la kujibu.

Majibu yasikae mfukoni mwa mtu mmoja. Yasomwe mbele ya watu wote, wakimbizi na wenyeji, wanawake na vijana, kabla kazi haijaanza. Na kazi ikiisha, hesabu isomwe tena. Pale hesabu inapofichwa, uvumi unaingia, na sisi tumekwisha kuona uvumi unaweza kutufikisha wapi.