Ardhi ya Pamoja: Nani Ana Kauli ya Mwisho?

Mwaka wa 1990, wanawake 15 Wasamburu walianzisha kijiji chao karibu na Archer's Post, Kaunti ya Samburu, baada ya kudhulumiwa na kukosa pa kukimbilia. Wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walikiita Umoja. Wakazi wake huuza shanga, huendesha kambi ya watalii na hukata kauli pamoja kwenye kikao chini ya mti.

Umoja unaonyesha kuwa watu wachache wanaweza kujiongoza. Hata hivyo, popote watu wanapomiliki ardhi pamoja, huwepo hofu kwamba viongozi wachache wataiuza bila wengine kujua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inazuia hilo. Kwa jamii iliyosajiliwa, inasema hivi:

• Mkutano wa jamii ni wa wanachama wote watu wazima. Mwanamke, na kijana aliyetimiza miaka 18, ana kura sawa na mzee.

• Akidi ya mkutano ni thuluthi mbili ya wanachama.

• Mkutano huchagua kamati ya watu 7 hadi 15 ya kusimamia ardhi. Kamati husimamia tu. Haina mamlaka ya kuuza.

• Uamuzi wa kuuza ardhi huhitaji thuluthi mbili ya wanachama wote waliosajiliwa. Mambo mengine huamuliwa na wengi wa waliohudhuria.

Tuseme jamii ina wanachama 300. Wakifika 200, mkutano ni halali, na kura 101 zinatosha kupitisha mambo ya kawaida. Lakini kuuza ardhi kunahitaji kura 200, yaani kila aliyehudhuria akubali. Mmoja akikataa, ardhi haiuzwi.

Ndiyo maana sajili ya wanachama ni muhimu. Uliza kamati yenu ikuonyeshe sajili, uhakikishe jina lako limo, pamoja na ya mke au mume na watoto waliotimiza umri. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Je, jamii yenu haijasajiliwa? Kwa sasa ardhi hiyo iko chini ya serikali ya kaunti kama mdhamini, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Ili mkabidhiwe, chagueni kamati katika mkutano wa hadhara unaoitishwa na Msajili, andikeni kanuni zenu na orodha ya wanachama, kisha mziwasilishe pamoja na kumbukumbu za mkutano kwa Msajili wa Ardhi ya Jamii.