Karl Eliasberg na Okestra ya Wenye Njaa

Majeshi ya Hitler yalipouzingira mji wa Leningrad mwezi Septemba 1941, posho ya mkate ilipunguzwa mara kwa mara, hata mwishoni mwa Novemba mfanyakazi wa kiwandani akawa apata gramu 250 kwa siku, na makarani na watoto gramu 125 tu. Katika mji huo ndimo alimobaki Karl Eliasberg, kiongozi wa okestra ya Redio. Okestra kubwa ya Filhamoniki, pamoja na kiongozi wake mashuhuri Yevgeny Mravinsky, ilikuwa imekwisha hamishiwa Novosibirsk.

Eliasberg alizaliwa Minsk mwaka 1907, akasomea fidla katika chuo cha muziki cha Leningrad. Jina lake halikuwa kubwa. Alipowakusanya wanamuziki wake mwezi Machi 1942 walifika wachache, na mazoezi ya kwanza yakavunjika upesi, kwani wapiga tarumbeta hawakuwa na pumzi ya kupulizia. Nayo Simfoni ya Saba ya Dmitri Shostakovich, waliyoagizwa kuipiga, huchukua zaidi ya saa nzima! Maandishi yake yaliletwa kwa ndege kupita juu ya adui. Pengo la wapigaji likazibwa kwa askari wa bendi za jeshi, na posho ikaongezwa kidogo. Yasimuliwa kwamba aliyechelewa mazoezi alinyimwa mkate. Ni vigumu kulisifu jambo hilo; lakini njaa ya Eliasberg ilikuwa ile ile ya watu wake, wala hatudhani kwamba kwa upole peke yake kazi ingalitimia.

Jioni ya tarehe 9 Agosti 1942 mizinga ya Jenerali Govorov iliwapiga kwanza Wajerumani ili wanyamaze. Kisha vipaza sauti vikaupeleka muziki barabarani, hata kwenye mahandaki ya adui.

Je, malipo yake yalikuwa nini? Vita vilipokwisha Mravinsky alirudi, akaiongoza Filhamoniki hata alipofariki mwaka 1988. Hatumlaumu, maana kuhama kwake kulikuwa amri. Lakini Eliasberg aliiacha okestra ya Redio mwaka 1950, akawa mgeni wa kualikwa na okestra za miji mingine.

Tarehe 27 Januari 1964, miaka 20 tangu mji kukombolewa, wanamuziki waliosalia walikusanyika kuipiga tena simfoni ile. Shostakovich alikuwamo ukumbini. Aliyeshika kijiti alikuwa Eliasberg.