Choo cha Kuhamishika au Tangi la Kujengwa?

Ndugu wafanyakazi, mwajiri akikubali kuleta choo kazini, msiishie kushukuru. Ulizeni: ni choo gani, na kitatolewa uchafu na nani?

Hapa Bujumbura, upande wa ziwani, maji ya ardhini yako karibu. Shimo la choo linatakiwa liishie walau mita 1.5 juu ya maji hayo, na huku bondeni ni shida. Ndiyo maana kuna choo cha plastiki cha kuhamishika, na tangi la saruji lisilovuja.

Shambani, ambako kazi huhama kila mara, cha kuhamishika kinafaa. Lakini chombo chake ni kidogo, na dawa yake isimwagwe ziwani.

Kiwandani tudai tangi. Pigeni hesabu: watu 100, kila mmoja mara 2 kwa siku, lita 2 za maji kila mara, ni lita 400. Tangi la lita 8,000 hujaa kwa siku 20 za kazi, au hata mapema. Basi lori la kunyonya lipate njia, na uchafu uende kwenye mabwawa ya kusafishia Buterere, si mtaroni. Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa tena mjini kwetu.

Tena mfagiaji asiteremshwe tangini na ndoo. Hewa ya humo huua upesi, na anayeshuka kumwokoa mwenzake naye hufa. Hilo liandikwe katika makubaliano na mwajiri, kabla tangi halijachimbwa.