Upungufu wa Sukari katika Damu ya Vilebu wa Mbegu Ndogo

Mtoto wa mbwa, ambaye kwa Kiswahili huitwa kilebu, ni mnyama mchangamfu. Hula, hulala, kisha huamka na kucheza tena. Lakini wafugaji wa mbwa wa mbegu ndogo kabisa, kama vile Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian na Maltese, hulifahamu tukio moja la kutisha. Kilebu aliyekuwa akirukaruka asubuhi huonekana mchana amejilaza kama aliyechoka. Akiinuliwa hupepesuka kama mlevi. Pengine hutetemeka, hukakamaa, kisha hupoteza fahamu. Asipopata msaada aweza kufa katika muda wa saa chache, ilhali hana jeraha wala kidonda.

Kilichompata aghalabu ni upungufu wa sukari katika damu. Hali hii huwapata hasa vilebu wenye umri wa kati ya wiki 6 na wiki 16. Kilebu wa mbwa mkubwa aweza kukosa chakula kwa usiku mzima, na asubuhi akaamka na njaa tu. Kwa nini basi yule mdogo aanguke? Katika makala haya tutaeleza chanzo cha tofauti hiyo, jinsi ya kumwokoa kilebu, na jinsi ya kumkinga. Mwalimu wa biolojia ataona pia kwamba hapa pana mfano mzuri wa kanuni ya jumla: kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo matumizi yake ya nishati yanavyokuwa makubwa yakilinganishwa na akiba yake.

KAZI YA SUKARI KATIKA DAMU

Sukari tunayoizungumzia ni glukosi. Wanga uliomo katika chakula huvunjwavunjwa katika utumbo mdogo na kuwa glukosi, ambayo huingia katika damu na kusafirishwa hadi kwenye seli zote. Misuli yaweza kutumia mafuta pia ili kupata nishati. Ubongo hauna uhuru huo. Katika hali ya kawaida hutegemea glukosi, nao hauna ghala la maana la kuihifadhi. Hapana budi uletewe na damu dakika baada ya dakika.

Damu ya mbwa mwenye afya huwa na glukosi ya kiasi cha miligramu 70 hadi 120 katika kila mililita 100. Kiwango kikishuka chini ya 60 dalili za udhaifu huanza kuonekana. Kikishuka chini ya 40 ubongo huwa katika hatari, na degedege na kuzimia huweza kufuata. Kwa hiyo dalili tulizozitaja mwanzoni, yaani kupepesuka, kutetemeka na kupoteza fahamu, zote ni kilio cha ubongo uliokosa chakula.

HESABU YA MWILI MDOGO

Tuchukue kilebu wa Chihuahua mwenye uzito wa gramu 500. Mbwa huwa na damu ya kiasi cha mililita 85 kwa kila kilo ya mwili. Kilebu wetu basi ana damu ya mililita 40 hivi, yaani vijiko 8 vya chai. Ikiwa kila mililita 100 ina miligramu 100 za glukosi, damu yake yote ina miligramu 40 tu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, ambazo ni mara 100 ya kiasi hicho.

Sasa tutazame matumizi. Mwaka 1932 Max Kleiber, mwanasayansi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, alionyesha kwamba nishati itumiwayo na mnyama aliyepumzika hailingani moja kwa moja na uzito wake. Hulingana na uzito huo uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Kwa kukadiria, twazidisha jawabu hilo kwa 70 ili kupata kilokalori za siku moja. Kwa mbwa wa kilo 40 twapata kilokalori 1,113, yaani 28 kwa kila kilo. Kwa kilebu wa nusu kilo twapata kilokalori 42, yaani 83 kwa kila kilo. Kila kilo ya mwili mdogo hutumia mara tatu ya kila kilo ya mwili mkubwa. Na hayo ni matumizi ya mnyama aliyetulia; kilebu anayekua na kucheza huhitaji mara mbili au zaidi.

Gramu moja ya glukosi hutoa kilokalori 4 hivi. Miligramu 40 zilizomo katika damu ya kilebu wetu zaweza kutoa kilokalori 0.16. Kama mwili wake wote ungetegemea sukari hiyo peke yake bila kuongezewa, ingemalizika katika dakika 6 hivi. Kwa hakika haimaliziki, kwa kuwa huongezwa daima kutoka kwenye chakula na kutoka kwenye ini. Lakini hesabu hii yaonyesha jinsi kamba anayoitembelea ilivyo nyembamba.

Sababu moja ya matumizi hayo ni upotevu wa joto. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la uso la sentimita za mraba 6 na ujazo wa sentimita ya ujazo 1. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una eneo la 600 na ujazo wa 1,000. Ule mdogo una eneo 6 kwa kila kipimo cha ujazo. Ule mkubwa una 0.6 tu. Joto hutokea ndani ya ujazo na hupotea kupitia uso. Kwa hiyo mnyama mdogo hupoza haraka, naye hulazimika kuunguza chakula kingi ili abaki na joto lake.

GHALA LA INI

Mnyama hawezi kula kila dakika, hivyo huhitaji ghala. Aliyeligundua ghala hilo ni Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1813 na 1878. Aliona kwamba damu itokayo katika ini la mbwa aliyelishwa nyama tu ilikuwa na sukari. Mwaka 1855 aliosha ini kwa maji mpaka likaisha sukari yote. Baada ya muda alikuta sukari mpya imetokea ndani yake. Mwaka 1857 alifaulu kuitenga dutu izaayo sukari hiyo, yaani glikojeni.

Baada ya mlo, ini hugeuza glukosi ya ziada kuwa glikojeni. Wakati wa njaa huivunja na kuirudisha katika damu. Glikojeni ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na sehemu za protini zinazotoka katika misuli, na kutokana na gliseroli inayotoka katika mafuta. Misuli nayo ina glikojeni, lakini haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi iingie katika damu, huitumia yenyewe.

Hapa ndipo udhaifu wa kilebu unapodhihirika. Ini lake ni dogo, na glikojeni yake huisha baada ya saa chache za njaa. Misuli yake ni michache na mafuta yake ni haba, hivyo malighafi ya kutengenezea glukosi ni kidogo. Tena vimeng'enya vya kazi hiyo havijakomaa. Anatumia kama tajiri, ilhali ghala lake ni la maskini.

MAMBO YAIHARAKISHAYO HALI HII

Kwa kawaida upungufu huu huletwa na jambo dogo ambalo mnyama mkubwa asingelijali. Kilebu aliyeachishwa kunyonya mapema na kupelekwa katika nyumba mpya huogopa na kukataa chakula. Usiku wa baridi humlazimisha atumie nishati zaidi. Minyoo, ambayo vilebu wengi huipata tangu tumboni mwa mama, hula sehemu ya chakula chake na kudhuru utumbo. Kuhara na kutapika huzuia chakula kisiingie mwilini. Kwa ajili hiyo kirusi cha pavo, kilichojitokeza duniani mwaka 1978, ni hatari maradufu kwa mbwa wa mbegu hizi.

Iko pia sumu moja ya kutahadhari nayo, nayo ni zailitoli, kitu kitamu kinachotiwa katika baadhi ya chingamu na peremende zisizo na sukari. Binadamu haimdhuru. Lakini kongosho la mbwa huipokea kana kwamba ni glukosi nyingi, likamwaga insulini kwa wingi, na sukari ya damu ikashuka ghafla.

HUDUMA YA KWANZA

Aonapo dalili, mfugaji asisubiri kilebu "aamke mwenyewe". Yafaa afuate utaratibu huu:

1. Atazame kama kilebu ana fahamu na aweza kumeza. Kama aweza, apewe asali, au maji mazito ya sukari, au glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji, kiasi cha robo kijiko cha chai, kidogo kidogo.

2. Kama hana fahamu, asimiminiwe kitu chochote kinywani, wala maziwa wala maji, kwa maana kitaingia katika mapafu. Apakwe asali kidogo tu juu ya fizi, alazwe ubavu, na apelekwe mara moja kwa daktari wa mifugo. Fizi hupitisha sukari kidogo sana. Upakaji huo si badala ya tiba.

3. Apashwe joto polepole, kwa blanketi au kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Asiwekwe karibu na moto. Utumbo wa mnyama aliyepoa haufanyi kazi vizuri, kwa hiyo chakula kisitangulie joto.

4. Akipata nafuu, ambayo aghalabu huonekana katika dakika 5 hadi 15, apewe chakula kamili chenye protini na mafuta. Sukari tupu huisha upesi, na huamsha insulini ambayo yaweza kuishusha tena.

5. Hata akiamka, apelekwe kwa daktari. Daktari ataweza kupima sukari, kumtia glukosi iliyozimuliwa katika mshipa, na kutafuta chanzo.

Vilebu wengi huivuka hali hii wafikapo umri wa miezi minne hivi. Ikiendelea baada ya hapo, pana sababu nyingine. Mojawapo, ijulikanayo sana kwa Yorkshire Terrier, ni mshipa wa damu wenye kasoro unaoipitisha damu ya utumbo kando ya ini badala ya kuipitisha ndani yake.

KINGA

Kinga ni kulijaza ghala kabla halijaisha. Kilebu wa mbegu ndogo alishwe mara 4 hadi 6 kwa siku, na mlo wa mwisho uwe karibu na wakati wa kulala. Asiachishwe kunyonya wala kuhamishwa kabla ya wiki 8. Mahali pake pa kulala pawe pakavu na pasipo upepo. Apewe dawa ya minyoo kuanzia umri wa wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2, kwa maelekezo ya daktari, na achanjwe kwa wakati. Apimwe uzito kila siku: kilebu asiyeongezeka uzito anadai uangalizi kabla dalili hazijatokea.

Yafaa pia mnunuzi ajue kwamba udogo huu umetokana na uteuzi wa binadamu. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja, lile la homoni ya ukuaji ifananayo na insulini, huchangia sana udogo wa mbegu hizi. Wako wafugaji wanaoendelea kuwachagua walio wadogo kuliko wote ili wauze kwa bei kubwa. Kila gramu wanayoipunguza yapunguzwa pia katika ghala la ini.

KANUNI ILE ILE KWINGINEKO

Mkulima afugaye nguruwe huikuta kanuni hii siku za kwanza baada ya nguruwe kuzaa. Kitoto cha nguruwe huzaliwa karibu bila mafuta. Kisiponyonya mapema na kupata joto, sukari yake hushuka na kufa. Vivyo hivyo mtoto wa binadamu azaliwaye na uzito chini ya gramu 2,500 huhitaji kunyonya mapema na kubebwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, njia iliyoanzishwa mjini Bogotá mwaka 1978.

Darasani, mwalimu aweza kuionyesha nusu ya kwanza ya kanuni kwa vyombo viwili vya bati vyenye umbo moja, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, vilivyojazwa maji ya nyuzi 60 za sentigredi. Wanafunzi wapime joto kila baada ya dakika 5 na kuchora grafu mbili katika karatasi moja. Kisha wakadirie: ikiwa chombo kidogo kingekuwa na uhai, kingepaswa kuongezewa joto mara ngapi kwa saa ili kibaki sawa na kile kikubwa? Jawabu lao litawaeleza kwa nini kilebu wa nusu kilo hawezi kungoja chakula cha kesho.