Tapeti Zikinyamaza, Shtuka

Tukisikia tapeti zinagonga, wengi wetu tunakimbilia kwa fundi. Sawa, lakini kwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1970, kelele kidogo si balaa. Balaa ni ukimya.

Iko hivi: kati ya roka na ncha ya vali lazima ibaki nafasi, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Vali ya ekzosti hupoa kwa kugusa kiti chake kila inapofunga. Kadiri gari linavyotembea, vali huzama kidogo kidogo kwenye kiti na nafasi inapungua. Ikiisha, vali haifungi vizuri: joto halina pa kwenda, moto unapenya, ukingo unaungua. Hapo utafungua injini.

Kuziset si kazi kubwa. Zungusha injini mpaka pistoni ifike juu, vali zote mbili za silinda hiyo zikiwa zimefunga. Legeza nati, ingiza fila, yaani kile kibamba chembamba cha kupimia, kisha zungusha skrubu mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati, pima tena, maana kukaza husogeza skrubu.

Ukisita, bora ilegee kidogo. Kugonga utakusikia, kuungua hutakusikia.